Imechomekwa, lakini ni `null`: kisa cha Jumamosi moja Moshi

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, simu iliita nikiwa sijamaliza hata chai. Alikuwa dada anayekaa kwenye kompyuta ya ofisi ya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, kule juu mlimani. Mfumo wao wa kupokea kahawa tumeuandika sisi.

"Kaka, za asubuhi. Fomu ya kupokea haifunguki leo. Nikibonyeza 'Stakabadhi mpya' naletewa ukurasa mweupe wenye kosa la 500. Na wazee wameshashusha magunia."

Nikamuuliza kama vituo vya chini navyo vimekwama.

"Hapana, vishikwambi vinafanya kazi. Nimewapigia, wanapima kama kawaida. Ni mimi tu."

Hilo "ni mimi tu" lilikuwa limebeba nusu ya jibu. Sikulisikia. Nilimwambia atoe kile kitabu cha stakabadhi cha karatasi, chenye kopi ya kaboni, aandike kwa mkono hadi nimpigie. Kisha nikashuka mjini ofisini, nikimpigia njiani kijana ninayefanya naye kazi.

Mfumo wenyewe ni wa kawaida: Spring Boot 2.7 (Spring ni kiunzi cha kuandikia programu za Java) juu ya Java 17, databesi ya PostgreSQL, seva ya kukodi. Mkulima analeta kahawa ya maganda, inapimwa, anapewa stakabadhi yenye namba, na kwa namba hiyo analipwa malipo ya awali na baadaye malipo ya pili mnada ukishafanyika. Bila stakabadhi mzee haondoki pale, na ana haki.

Kuna milango miwili ya kuingizia uzito. Vituo vidogo vinatumia vishikwambi: karani anaandika kilo, anatuma, seva inatengeneza namba yenyewe na kurudisha stakabadhi nzima. Ofisi kuu inatumia kompyuta, na pale utaratibu umegeuzwa: namba inaombwa kwanza, inaonekana juu ya fomu, dada anaiandika kwenye gunia kwa kalamu ya wino mzito, ndipo gunia linapanda mizani. Waliomba hivyo wenyewe kwa sababu magunia yalikuwa yanachanganyikana. Yaani mlango mmoja unaomba stakabadhi, mwingine unaomba namba tu.

Neno moja kabla sijaendelea. Vile vitu ambavyo Spring huviumba na kuvitunza kwenye kontena lake, vinaitwa kwa jina la punje ya kahawa, bean, lililoanzia kwa waliounda Java, na Java yenyewe ni jina la kisiwa cha kahawa kule Indonesia. Ofisini kwetu tunaziita buni. Kuandika programu ya kahawa, Moshi, kisha useme neno lingine, naona ni kujinyima. Na kile kitendo cha Spring kuipa buni moja buni nyingine inazozihitaji, bila wewe kuandika `new` popote, tunakiita kuchomeka.

Sasa kilichobadilika. Jumatano ya wiki hiyo tulikuta pimo moja limeingia nusu: uzito upo kwenye daftari, salio la mkulima halijaongezeka. Mkulima alikuwa amesajiliwa mara mbili, hatua ya salio ikakataa, lakini uzito ulikuwa umeshahifadhiwa. Dawa yake inajulikana: mambo hayo mawili yawe muamala mmoja, yafaulu yote au yafutike yote. Kijana akaweka anotesheni ya `@Transactional`, yaani alama ya kuiagiza Spring ifanye hivyo, juu ya klasi inayotoa stakabadhi. Akaendesha majaribio, yote yakapita. Ijumaa jioni tukapandisha toleo jipya. (Najua, Ijumaa jioni. Nimeshaambiwa.)

Klasi, nikiipunguza ibaki na kinachohusika, ilikuwa hivi:

```java
@Service
@Transactional                 // iliongezwa Ijumaa
public class HudumaYaStakabadhi {

    private final HesabuRepo hesabu;
    private final StakabadhiRepo daftari;

    public HudumaYaStakabadhi(HesabuRepo hesabu, StakabadhiRepo daftari) {
        this.hesabu = hesabu;
        this.daftari = daftari;
    }

    public Stakabadhi toa(Pimo pimo) {
        String namba = nambaMpya(pimo.kituo());
        return daftari.save(new Stakabadhi(namba, pimo));
    }

    // Namba hutoka hapa tu. Usiguse.
    public final String nambaMpya(String kituo) {
        return kituo + "-" + hesabu.inayofuata(kituo);
    }
}
```

Usishangae kutoona `@Autowired`. Tangu Spring 4.3 ya mwaka 2016, klasi yenye konstrakta moja (sehemu inayoendeshwa objekti ya klasi inapoumbwa) haihitaji anotesheni hiyo. Spring inaitumia konstrakta hiyo yenyewe na kuchomeka vinavyotakiwa.

Kwenye logi, yaani kumbukumbu ambazo seva inajiandikia, tulikuta hili, limejirudia kila dada alipobonyeza:

```
java.lang.NullPointerException: Cannot invoke
"chama.HesabuRepo.inayofuata(String)" because "this.hesabu" is null
```

Isome tena ukiwa unaiangalia ile klasi. Fildi `hesabu`, yaani nafasi ya klasi ya kutunzia kitu, ni `private final`. Inapewa thamani ndani ya konstrakta, na kompaila ya Java haikubali konstrakta iishe bila kuijaza fildi ya `final`. Anayeiita konstrakta ni Spring, na Spring isipoipata buni ya `HesabuRepo` haikubali hata kuwaka: inaanguka palepale na kukutajia kilichokosekana. Programu iliwaka. Kwa hiyo `hesabu` haiwezi kuwa `null`, yaani tupu, na logi inasema ni `null`.

Na si kwamba haikuchomekwa kabisa. Vishikwambi vilikuwa vinapita `toa`, na `toa` inaiita `nambaMpya` ileile, mstari uleule, `hesabu` ileile. Namba zilikuwa zinatoka. Nilifungua databesi nikaziona zinaongezeka huku dada mlimani anapata 500.

Nitapita haraka kwenye tulichofanya kwa saa mbili zilizofuata, maana kingi kilikuwa mazoea tu. Tuliwasha upya, hali ileile. Tulikagua kama pakeji ya klasi ipo chini ya ile ambayo Spring inaanza kuchanganua buni. Ipo, na kama isingekuwepo programu isingewaka. Tulitafuta `new HudumaYaStakabadhi` kwenye msimbo wote, kwa sababu objekti uliyoiumba mwenyewe kwa `new` Spring haiijui na haiichomekei kitu. Ilikuwepo kwenye majaribio peke yake. Kijana akarudi kwenye mtindo wa zamani: akaondoa `final` kwenye fildi, akafuta konstrakta, akaweka `@Autowired` juu ya fildi, kama watu walivyoandika kwa miaka mingi tangu Spring 2.5 ya mwaka 2007. `null` ileile. Akahamisha `@Transactional` kutoka juu ya klasi akaiweka juu ya `toa` peke yake. `null` ileile. Hapo akaniangalia.

"Boss, nikiifuta kabisa inafanya kazi."

Alikuwa amejaribu kwenye mashine yake. Bila `@Transactional`, fomu inafunguka. Akiirudisha, inakufa. Anotesheni ya muamala wa databesi inafuta fildi ya klasi? Nilitaka kusema rudisha toleo la zamani twende tukale mtori, maana ilikuwa imekaribia saa nne na nusu, na kusema kweli tuliirudisha; dada akaanza kufanya kazi, foleni ikatembea. Lakini ile hitilafu ya nusu muamala nayo ilikuwa imerudi pamoja nayo. Isingewezekana kubaki hapo.

Kilichotufungua macho ni mistari mitatu ya kuchapisha. Sijui kwa nini hatukuanza nayo. Badala ya kuuliza "`hesabu` iko wapi", tuliuliza "wewe unayeulizwa ni nani". Kwenye konstrakta, kwenye `toa`, na kwenye `nambaMpya` tukachapisha jina la klasi kwa `this.getClass()` na namba ya utambulisho wa objekti kwa `System.identityHashCode(this)`. Kisha tukatuma pimo moja kama kishikwambi, na tukafungua fomu mara moja kama dada.

```
konstrakta   HudumaYaStakabadhi                                    1829164700  hesabu ipo
toa          HudumaYaStakabadhi                                    1829164700  hesabu ipo
nambaMpya    HudumaYaStakabadhi                                    1829164700  hesabu ipo
nambaMpya    HudumaYaStakabadhi$$EnhancerBySpringCGLIB$$5c1d7e2a    402405659  hesabu null
```

Mistari mitatu ya kwanza ni Spring kuwaka na pimo la kishikwambi. Wa nne ni fomu ya dada. Angalia safu ya namba: objekti ni mbili. Moja ilipita kwenye konstrakta yetu, ina kila kitu. Nyingine haikupita, hakuna mstari wa konstrakta wenye 402405659. Na jina lake lina mkia ambao sisi hatukuuandika.

Ule ujumbe wa kosa ulikuwa unasema kweli tangu asubuhi. Haukusema `hesabu` ni `null`. Ulisema `this.hesabu`, yaani `hesabu` ya objekti hii inayoulizwa. Sisi macho yalikimbilia neno la pili.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Ukiweka `@Transactional`, Spring haiingii ndani ya klasi yako kuongeza msimbo wa kufungua na kufunga muamala. Inatengeneza klasi nyingine, mtoto wa klasi yako, kwa maktaba inayoitwa CGLIB, wakati programu inawaka. Mtoto huyo anaandika upya kila methodi (kitendo cha klasi, kama `toa`) aliyorithi: fungua muamala, mpigie yule wa kweli afanye kazi, funga muamala. Huyo ndiye proksi. Na kontrola yako, klasi inayopokea maombi kutoka nje, inapoomba kuchomekewa `HudumaYaStakabadhi`, haipewi ya kweli, inapewa proksi. Kwa kuwa ni mtoto wa klasi hiyo, Java inamkubali na wewe huoni tofauti.

Proksi hahitaji kuwa na `hesabu` wala `daftari` yake mwenyewe. Hafanyi kazi yoyote, anapeleka kwa mwenye nazo tu. Kwa hiyo Spring, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013, inamuumba kwa Objenesis, maktaba inayoweza kuleta objekti duniani bila kuita konstrakta yake. Ndiyo maana fildi ya `private final` inaweza kuwa `null` licha ya sheria ya kompaila: sheria inasimamia konstrakta, na konstrakta haikuitwa. Kabla ya hapo klasi kama yetu, yenye konstrakta inayodai vitu viwili, ingeigomea CGLIB mapema kwa kelele. Starehe iliyoongezwa mwaka ule ilituondolea kengele, ingawa sitaki kurudi kule.

Mpaka hapo kila kitu ni sawa, ilimradi kila methodi imeandikwa upya. Lakini `nambaMpya` ni `final`. Java inakataza mtoto kuandika upya methodi ya `final`. Ndiyo kazi ya neno hilo. CGLIB ikairuka. Kontrola ilipoita `nambaMpya` kwa proksi, hakukuwa na toleo la proksi la kupeleka kwa wa kweli. Java ikachukua ile ya mzazi, ikaiendesha palepale, juu ya mwili wa proksi, ambao fildi zake hazijawahi kujazwa.

Nilimweleza kijana hivi. Kwenye foleni ya mizani mama anaweza kumweka mpwa wake amshikie nafasi. Ukimuuliza mpwa kahawa hii ya nani, mwezi uliopita mlileta kilo ngapi, anampigia shangazi simu, anakujibu alivyoambiwa, na wewe unaona umeongea na mwenye kahawa. Sasa chukulia kuna swali moja ambalo amekatazwa kulipigia simu, ajibu mwenyewe tu: toa kadi yako ya uanachama. Anatia mkono mfukoni. Mfuko wa shati ni uleule, umeshonwa palepale. Lakini kadi hajawahi kupewa.

Na vishikwambi? Viliita `toa`, ambayo si `final`. Proksi akampelekea wa kweli. Wa kweli akaiita `nambaMpya` ndani kwa ndani, yaani akaiita kwa `this` yake mwenyewe, yenye kila kitu. Methodi moja, milango miwili, miili miwili. Na kuhamisha `@Transactional` juu ya `toa` peke yake hakukusaidia kwa sababu anotesheni hata moja ndani ya klasi inatosha buni nzima itengenezewe proksi.

Majaribio yalipita yote kwa sababu yaliandikwa kwa `new HudumaYaStakabadhi(hesabuBandia, daftariBandia)`. Hayo ni majaribio ya haraka na ninayapenda, lakini hapo hakuna Spring, hakuna proksi, kuna yule wa kweli tu. Tulijaribu kitu ambacho kontrola haijawahi kukigusa maishani.

Ya logi yanauma zaidi. Spring inalijua tatizo hili kwa jina. Ukifungua logi ya `org.springframework.aop.framework` hadi ngazi ya DEBUG, wakati wa kuwaka inakuandikia kwamba methodi fulani ya `final` haiwezi kupitishwa kwa proksi wa CGLIB, kwamba miito yake haitafika kwa objekti lengwa, na kwamba huenda ikaleta makosa ya `null` kwenye fildi ambazo hazikujazwa. Karibu neno kwa neno kisa chetu. Seva yetu ilikuwa inaandika ERROR peke yake, kwa sababu diski ilijaa msimu uliopita na mimi nikakata logi kwa shoka.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa kufuta neno moja, `final`, kwenye methodi. Fomu ikafunguka, muamala ukabaki. Tungeweza kuishia hapo na wengi huishia hapo.

Hatukuishia, kwa sababu ya jambo la pili lililokuwa limejificha chini ya lile la kwanza. Kijana alikuwa amepanga siku moja kuipa `nambaMpya` muamala wake wa peke yake, kwa `REQUIRES_NEW`, ili kaunta ya namba isishikiliwe na stakabadhi inayochelewa. Angeiweka, ingefanya kazi kwa dada, na kwa vishikwambi isingefanya chochote bila kusema lolote. Sababu ni ileile ikiwa imegeuzwa: `toa` inaiita `nambaMpya` ndani kwa ndani, simu haipiti kwa proksi, kwa hiyo hakuna wa kufungua muamala mpya. Kwa hiyo tuliitoa namba ikawa klasi yake, `MtoaNamba`, nayo ikachomekwa kwenye `HudumaYaStakabadhi` na kwenye kontrola. Sasa kila anayeomba namba anaiomba kutoka nje. Hili la namba tulibishana nalo muda mrefu kuliko hitilafu yenyewe, kwa sababu namba iliyotolewa kwa muamala wake haitarudi stakabadhi ikifutika, na mkaguzi wa chama hapendi kuona pengo. Tulikubaliana pengo liandikwe sababu. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Baadaye mchana tulipitisha amri moja kwenye mradi mzima:

```
grep -rn "public final" src/main/java
```

Haikamati `public static final`, kwa hiyo vitu vya kudumu havikuchafua matokeo. Zilitoka methodi nne. Moja ilikuwa kwenye klasi yenye `@Cacheable`, tayari ina proksi, na ilisalimika kwa bahati tu: haikugusa fildi yoyote. Tuliifuta `final` yake. Mbili zilikuwa kwenye klasi za kawaida zisizo buni, tumeziacha. Ya nne ipo kwenye kontrola moja isiyo na proksi kwa sasa. Nayo tuliiondoa, maana siku mtu akiweka `@PreAuthorize` (ya kukagua ruhusa) juu yake itakuwa Jumamosi nyingine. Kwenye kontrola angalia na methodi za `private` zenye `@GetMapping` pia. Spring inaziita bila kinyongo, na proksi hawezi kuziandika upya, kwa hiyo mwisho wake ni uleule.

Klasi nzima ikiwa `final` hutapata tabu hii. CGLIB haiwezi kuzaa mtoto wa klasi ya `final`, na programu inagoma kuwaka. Ni methodi ndiyo inayonyamaza. Wanaoandika Kotlin wanajua habari hii mapema kuliko sisi, kwa sababu kule kila kitu ni `final` usipokifungua, na ndiyo sababu kuna plagini maalumu ya kuzifungua klasi za Spring.

Kijana aliuliza kama tungetumia intafesi, yaani orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo, tungeepuka. Proksi wa intafesi, ule wa Java yenyewe, si mtoto wa klasi yako. Anajua intafesi tu, na kila mwito unapelekwa kwa wa kweli, uwe `final` usiwe. Kwa hiyo ndiyo. Ila Spring Boot tangu 2.0 ya mwaka 2018 inachagua CGLIB hata intafesi ikiwepo, mpaka uandike `spring.aop.proxy-target-class=false`. Kuandika intafesi kwa ajili ya hili tu sikuona haja.

Kwa aliyefika hapa akiwa na `null` yake mwenyewe, asidhani basi ni hii. Mara nyingi si hii. Ukichapisha jina la klasi ya `this` na halina mkia wa CGLIB (kwenye Spring 6 mkia unaandikwa `$$SpringCGLIB$$`), rudi kwenye mambo ya kila siku: mtu kaiumba kwa `new`, au ni servleti au filta iliyosajiliwa kwa `web.xml`, ambayo anayeiumba ni Tomcat, seva ya wavuti, na Spring haina habari nayo. Au fildi ni `static`, ambayo Spring haiichomeki. Au ni fildi ya `@Autowired` inayotumiwa ndani ya konstrakta, wakati Spring huchomeka fildi baada ya konstrakta kuisha. Jina likiwa na mkia, tafuta `final`.

Jaribio tuliloongeza ni moja. Linawasha Spring kwa `@SpringBootTest`, linachomekewa huduma kama kontrola inavyochomekewa, na linaita kila mwito ambao kontrola inaita. Linachukua sekunde kadhaa na kijana analilalamikia. Kabla ya kufuta `final` tulihakikisha limeanguka kwanza kwa `this.hesabu`, ndipo tukafuta.

Ile `final` niliiweka mimi. Kuna mtu aliwahi kuirithi klasi ile ili atoe namba za mtindo wake, tukapata stakabadhi mbili zenye namba moja, nami kwa hasira nikaifunga methodi na kuandika juu yake "Usiguse". Wakati ule hapakuwa na proksi pale, na haikumdhuru mtu mpaka wiki ile. Kijana alikuwa ameusoma ule mstari Ijumaa na akautii.

Toleo jipya lilipanda saa kumi jioni. Dada alikuwa na stakabadhi 19 za mkono za kuingiza, na namba za kitabu hazikufanana na za mfumo. Mzee mmoja alirudishwa njiani apewe ile iliyochapwa, akaikataa. Alisema hii ya mkono ameona ikiandikwa. Tukaongeza safu moja kwenye jedwali, "namba ya kitabu", ili akija na karatasi yake siku ya malipo ya pili ipatikane.